Superkondakta za Kauri (3): Vipande Viwili, Fuwele Moja

Toleo lililopita tuliishia kwa Bednorz na Müller, waliogundua mwaka 1986 kauri inayopitisha umeme bila ukinzani. Mwaka uliofuata ikapatikana YBCO, mchanganyiko wa itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambayo hufanya kazi hata katika ubaridi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Leo tutazame udhaifu wake.

Fuwele ya YBCO hukuzwa kutoka kwenye mbegu ndogo iliyowekwa juu ya tonge lililoyeyuka kiasi. Kwa saa nzima haikui hata milimita moja, ndiyo maana nyingi huishia upana wa sentimita chache. Anayetaka sumaku kubwa, au beringi ya kufanya gurudumu zito lielee, hana budi kuunga.

Fundi redio hudondosha risasi, nyaya zikashikana, kazi imekwisha. Kwa kauri hii sivyo. Elektroni husafiri jozi jozi, na jozi yenyewe upana wake ni nanomita moja au mbili tu, hivyo kasoro nyembamba mno inatosha kuivuruga. Fuwele mbili zikipishana mielekeo kwa digrii chache, kiasi cha umeme unaoweza kuvuka mpaka hushuka vibaya. Kiungo kinaweza kuwa kigumu kama jiwe na kisifae kitu.

Ujanja uliopatikana unanivutia sana: gundi nayo iwe superkondakta. Badala ya itriamu hutiwa thuliamu au iterbiamu. Muundo ni uleule, ila huyeyuka mapema kuliko YBCO, inayostahimili hadi nyuzi 1,000 hivi. Hupakwa kati ya vipande vilivyolinganishwa mielekeo, ikayeyuka vyenyewe vikiwa vizima, kisha ikipoa taratibu hujipanga kwa kufuata fuwele za pande zote mbili. Tatizo ni pale pande hizo zinapokutana: masalio ya uji hubanwa katikati. Wengine hukata vipande kwa pembe ya digrii 45 ili masalio yasukumwe kando.

Bado joto limefukuza oksijeni, nayo hurudishwa kwa siku kadhaa kwenye nyuzi 400 hadi 500.

Hapo ndipo hupimwa. Kipande hupoozwa ndani ya uga wa sumaku, uga ukaondolewa, kisha sumaku iliyonaswa ikachorwa ramani. Kilele kimoja, kiungo kimekubali. Viwili, umeme unazunguka kila upande kivyake.