Aliyekataa Nafasi Aweza Kuomba Tena

Kijana mmoja wa hapa Mtowisa alipata nafasi ya Chuo Kikuu mwaka jana, akaikataa. Baba yake alikuwa mgonjwa, na msimu wa kulima umekaribia. Juzi alikuja ofisini na bahasha yake, akasema kwa sauti ya chini, "Karani, nadhani jina langu limekwisha katwa."

Halikukatwa. Asiyethibitisha nafasi huipoteza ya mwaka ule tu. Mwaka ufuatao huomba upya chuoni kwa matokeo yale yale ya kidato cha sita. Lakini aliyekwisha kuthibitisha, kisha akabaki nyumbani, akiandikie kwanza chuo kile kifute uthibitisho wake, asije akahesabiwa kuwa bado ni mwanafunzi wao.

Nanyi wazazi, msidhani mkopo humngoja. Bodi ya Mikopo nayo huombwa upya, na cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA. Hapo ndipo wengi wetu huku bondeni hukwama: cheti hukumbukwa siku za mwisho!

Nilimwuliza kama baba yake anajua. Akacheka. Baba amepata nafuu, naye ndiye aliyempa nauli ya kupanda Sumbawanga kufuata cheti.