Sayari ya Jirani na Jua Lake Jekundu

Ukiacha Jua letu, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote haionekani kwa macho matupu. Nayo ni Proxima Centauri, iliyogunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyefanya kazi Johannesburg, Afrika ya Kusini. Nuru yake huchukua miaka minne na zaidi kutufikia.

Proxima ni nyota ya jamii ya vibete vyekundu. Uzito wake ni kama sehemu moja ya nane ya uzito wa Jua, na mwanga wake ni hafifu mno. Hata hivyo, yapata robo tatu ya nyota zote za galaksi yetu ni za jamii hiyo.

Mwezi wa Agosti 2016, wataalamu waliotumia darubini ya La Silla, nchini Chile, walitangaza kwamba nyota hiyo ina sayari. Sayari yenyewe hawakuiona. Walichopima ni mtikisiko mdogo wa nyota, ivutwayo huku na huku, ukijirudia kila baada ya siku 11 hivi. Huo ndio mwaka wa sayari hiyo, ambayo uzito wake wakadiriwa kuwa angalau sawa na ule wa Dunia.

Aotaye moto wa makaa machache hana budi kuusogelea. Dunia iko umbali wa kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua. Sayari hii iko kilomita milioni 7 hivi tu kutoka kwenye nyota yake. Kwa ukaribu huo hupata joto liwezalo kuyafanya maji yasigande, mradi iwe na angahewa ya kutosha.

Lakini ukaribu huo huo ni hatari. Proxima hulipuka mara kwa mara na kurusha mionzi mikali. Katika mlipuko wa Mei 2019, mionzi yake ya urujuanimno iliongezeka mara 14,000 kwa muda wa sekunde chache. Mapigo ya namna hiyo, yakiendelea kwa mamilioni ya miaka, yaweza kuipokonya sayari hewa yake. Tena yaelekea upande mmoja wa sayari hukabili nyota daima, kama Mwezi unavyotuonyesha uso mmoja. Pasipo hewa ya kusambaza joto, upande wa pili ungeganda.

Basi umbali ufaao hautoshi kuleta uhai. Yapasa kwanza ijulikane kama sayari hiyo imeweza kuhifadhi hewa yake, kwani swali hilo lahusu pia sayari zote zizungukazo vibete vyekundu.