Je, Mutombo Aliuzwa?



Nyuma ya kanisa letu kuna uwanja mdogo wa basketi wenye panye moja tu, na ile panye haina wavu. Jumamosi moja ya mwezi wa pili 2025, waimbaji walimaliza mazoezi yao lakini hakuna aliyekwenda nyumbani. Juma lililotangulia, ekipe ya Dallas kule Marekani ilimtoa Luka Dončić, kijana wa miaka 25, ikampeleka kwa Lakers ya Los Angeles na kumpokea Anthony Davis. Mashabiki wa Dallas walikusanyika mbele ya uwanja wao kumlaani mkubwa wa ekipe (mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule alifukuzwa kazi). Na huku kwetu, mbali na Dallas, vijana wa kwaya walikuwa karibu kushikana mashati.

“Banamuuzisha sawa kintu!” mmoja alisema.

“Haiko kuuza. Ni kubadirisha tu,” mwingine akajibu.

Ndipo kijana mrefu wa sauti ya chini akatia jina ambalo lilinyamazisha wote: “Na Mutombo? Naye balimuuzisha?” Wakaniita. “Pasta, kuya utukatie maneno.”

Kukata maneno ya basketi si kazi niliyosomea kwenye Shule ya Biblia. Lakini mambo ya Dikembe Mutombo ninayajua, maana sisi wa umri wangu tulikua na jina lake mdomoni. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akaenda Marekani mwaka 1987 kwa bursi akitaka kuwa daktari. Urefu wake ulikuwa mita 2 na sentimita 18, basi chuo cha Georgetown wakamwonyesha panye. Mwaka 1991 Denver ilimchagua wa nne kati ya vijana wote wa mwaka ule. Kazi yake ilikuwa moja: asimame chini ya panye na kukataa. Alizuia mipira 3,289 katika maisha yake ya NBA, na mpaka alipofariki tarehe 30 ya mwezi wa tisa 2024, mtu mmoja tu alikuwa amempita, Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Na kile kidole! Akisha kuzuia, anakitikisa mbele ya yule aliyejaribu, sawa mama anayemkataza mtoto asiguse sufuria ya moto.

Sasa, aliuzwa ao hakuuzwa? Mwaka 1996 hakuuzwa. Kontra yake na Denver ilikwisha, na yeye mwenyewe alichagua kwenda Atlanta. Vijana wanaona jambo hili kuwa la kawaida, lakini halikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mchezaji wa NBA akimaliza kontra, aliendelea kuwa mali ya ekipe yake; hakuweza kujitafutia pengine. Wachezaji wana sendika yao tangu 1954, na mwaka 1970 mkubwa wa sendika, Oscar Robertson, alipeleka NBA mbele ya waamuzi. Maneno yalikatwa 1976. Miaka sita! Robertson alikuwa amekwisha kuacha kucheza. Mlango aliosukuma, wengine waliupitia, na Mutombo ni mmoja wao.

Lakini mwezi wa pili wa 2001 mambo yalikuwa tofauti. Philadelphia ilikuwa inaongoza upande wa Mashariki, na Theo Ratliff, mzuiaji wake, akavunjika mkono. Wakubwa wakapigiana simu. Mutombo akatoka Atlanta, na Atlanta ikapokea Ratliff pamoja na Toni Kukoč na wengine wawili. Mutombo alikuwa na miaka 34. Mwaka uleule alichaguliwa mara ya nne kuwa mlinzi bora wa NBA, na Philadelphia ikafika fainali. Ikashinda Lakers mechi ya kwanza kwao Los Angeles, kisha ikapigwa mara nne mfululizo. Mashabiki wa Philadelphia wanaweza kubishana mpaka kesho kama ule mubadirisho ulikuwa mzuri. Mimi nasema ulikuwa mzuri. Bila mtu mrefu wa kusimama mbele ya Shaquille O'Neal, wangefika fainali kufanya nini?

Mwaka 2002 wakampeleka New Jersey. Mwaka 2004 New York ikampeleka Chicago, na kabla hajacheza hata mechi moja huko, Chicago ikamtuma Houston. Pale kijana wa kwanza akaruka: “Unaona, Pasta? Sawa kintu!” Na mama mmoja wa kwaya, ambaye siku zote anasema basketi ni kupoteza wakati, aliuliza ulizo ambalo hakuna kijana aliyelifikiria: “Na bibi yake? Na masomo ya batoto?”

Wakati anahamishwa hivyo, sheria nayo ilihama. Nitaieleza polepole kwa sababu hapa ndipo mabishano yalikuwa makali. Zamani NBA ilikataza ekipe kulinda mahali. Kila mlinzi alipaswa kuwa na mtu wake. Matokeo yake wachezaji wawili walipambana upande mmoja na wengine wanane wakasimama kuangalia, na watu wakachoka. Basi kuanzia msimu wa 2001-2002 waliruhusu kulinda mahali, lakini wakaongeza kifungo: mlinzi asikae chini ya panye zaidi ya sekunde 3 kama hana mtu karibu wa kumlinda. Akikaa, wapinzani wanapewa mpira mmoja wa bure na wanaendelea kushika mpira. Ninyi mnaona kifungo hicho kilimgusa nani? Mtu ambaye maisha yake yote ni kukaa pale pale. Na kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wamekwisha kumkataza kutikisa kidole usoni pa mpinzani. Alitii, akageuka akakitikisa kwa watazamaji.

Kijana mrefu alikasirika. Alisema sheria ilitungwa ili Mwafrika asitambe. Nilimwambia hapana, wazungu warefu nao walitungiwa. Mwaka 1951 walipanua eneo la chini ya panye kwa sababu ya George Mikan, na 1964 wakalipanua tena kwa sababu ya Wilt Chamberlain. Mtu mrefu anayeshinda sana hutungiwa sheria, awe wa rangi gani. Tena Yakobo alilalamika kwamba Labani alimbadilishia mshahara mara kumi, kazi ikiendelea. Ile sheria ya sekunde 3 ilitangazwa wazi kabla msimu haujaanza, na Mutombo akiwa na miaka 35 bado aliokota mipira zaidi ya 10 kila mechi. Alicheza mpaka 2009.

Jambo lililobadilisha kazi ya watu warefu zaidi ni mstari wa pointi tatu. NBA iliuweka mwaka 1979, na mwanzoni kila ekipe ilirusha kutoka kule mara tatu hivi kwa mechi. Msimu wa 2024-2025 ilikuwa zaidi ya mara 35. Sheria ni ileile, watu ndio walichelewa kuhesabu kwamba tatu inapita mbili.

Kwa hiyo kuna wanaosema Mutombo leo angekaa kwenye benchi. Sikubali kabisa, na ushahidi wangu ni mtoto wa Lubumbashi. Bismack Biyombo alizaliwa pale mwaka 1992, akapitia Yemen na Hispania, na hakuwa mtu wa kurusha kutoka mbali. Mwaka 2011 Sacramento ilitangaza jina lake, lakini siku ileile akawa mtu wa Charlotte kwa mubadirisho. Alikuwa na miaka 18. Mwaka 2016, akiwa Toronto, aliokota mipira 26 katika mechi moja ya nusu fainali dhidi ya Cleveland. Mwaka ule ule Orlando ilimpa kontra ya dolari milioni 72 kwa miaka minne, na 2018 Orlando ikamrudisha Charlotte.

Hapo ndipo nilipowauliza vijana: aliporudishwa Charlotte, mshahara wake ulishuka? Wakanyamaza. Haukushuka hata dolari moja. Mchezaji akihamishwa, kontra yake inahama pamoja naye, na miaka yake ya kazi katika NBA inaendelea kuhesabiwa. Ekipe mpya inapokea mtu na deni lake lote. Ndiyo maana nilisema na yule wa pili: si kuuza. Yosefu aliuzwa, ndugu zake walichukua vipande 20 vya fedha na yeye akaenda bila kitu.

Baba wa kijana mmoja alikuwa amekuja kumwita nyumbani, akabaki akisikiliza akiwa ameshika baiskeli. Anafanya kazi ya sutretansi mgodini. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye amebadilishwa sositi tatu kwa miaka saba, mashine ni ileile, shimo ni lilelile, na kila mara karatasi yake ya kazi inaanza upya kama mtu aliyeingia jana. “Pasta, mimi ndiye balibadirisha ao balimuuzisha?”

Sikumjibu pale pale. Nilimwambia aniletee zile karatasi tatu, tukazisome pamoja na ndugu mmoja wa kanisa anayejua mambo ya sendika. Alizileta siku ya tatu, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Vijana walirudi uwanjani wakitaka kujaribu sekunde 3 za mlinzi. Niliwaambia wasizijaribu siku ya mashindano: mashindano yetu hufuata sheria za FIBA, ambazo hazina kifungo hicho kwa mlinzi, kipo kwa mshambuliaji tu. Kijana mrefu alifurahi sana. Akaenda akasimama chini ya ile panye isiyo na wavu, akanyoosha kidole, na mwenzake wa sauti ya pili akaja mbio na mpira.