Sauti Imekwenda Wapi?

Katika vibanda umiza vya Katubuka, hapa Kigoma, kama katika vile vya Mwanga na Ujiji, picha isiyo na sauti haina thamani hata ya kiingilio cha mtoto. Kwani sinema zinazopendwa humo aghalabu ni zile zilizokwisha kutafsiriwa, ambazo mkalimani huzisimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya Kikorea, Kichina au Kihindi, na pindi sauti yake inapokatika, watazamaji hubaki wakiwatazama watu wa mbali wakifumba na kufumbua vinywa bila ya kuarifiwa neno. Mpira huvumilika katika ukimya, maana kila mtazamaji ni mtangazaji; sinema haivumiliki. Basi mwenye kibanda anayeiunga kompyuta yake na televisheni, akaona picha imetokea safi ilhali spika hazitoi hata mnong'ono, hushikwa na taharuki, hubonya hapa na pale, huchomoa na kuchomeka, na mwishowe huhukumu kwamba kompyuta imeharibika. Hukumu hiyo, mara nyingi, si ya haki.

Aghalabu sauti haikupotea, bali imepelekwa mahali pengine. Wakazi wa mji huu wanalifahamu jambo la shehena kupotea njia bila ya kuangamia: tangu Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mzigo unaoshushwa katika behewa umekuwa ukingojewa na bandari kadhaa za ziwa, Bujumbura, Kalemie na Mpulungu, na karani akiandika jina la bandari moja badala ya nyingine, mzigo hufika salama pasipo na mtu wa kuupokea. Kompyuta nayo ina bandari zake: spika zake yenyewe za ndani, tundu la hedifoni, waya wa HDMI uendao kwenye televisheni, tundu la USB, na mawimbi ya Bluetooth yasiyohitaji waya. Kwa kawaida huchagua moja tu kwa wakati mmoja, na huchagua bila ya kumshauri mwenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu aliyepatwa na ukimya lisiwe ni kitu gani kimekufa. Liwe ni wapi sauti imeelekezwa.

Ili kuelewa kwa nini swali hilo halikuwasumbua wazee wetu, yatupasa kuzitazama nyaya. Waya wa zamani wa televisheni, ambao bado tunauona nyuma ya ving'amuzi, una pini tatu za rangi tatu: ya manjano ni ya picha, nyekundu na nyeupe ni za sauti, kulia na kushoto, na hata mtoto akiona nyekundu na nyeupe zinaning'inia hewani hujua sababu ya ukimya. Kwa upande wa kompyuta, waya wa VGA, uliotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1987, ulichukua picha peke yake. Sauti ilikuwa na waya wake mbali. Ndipo mwaka 2002 ikaja HDMI, ambayo huchukua picha na sauti pamoja katika waya mmoja, na kwa wepesi wake huo ikaficha kile ambacho pini za rangi zilikuwa zikikionyesha waziwazi. Tukumbuke pia kwamba nchi yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni mwaka 1974, na marufuku hiyo ilipokuja kulegezwa, vifaa viliingia vya kila rika kwa pamoja. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kuona mpaka leo, katika chumba kimoja, projekta ya VGA, televisheni ya HDMI na sabufa ya pini nyekundu na nyeupe, vyote vikitarajiwa kusikilizana.

Havisikilizani vyenyewe. Anayeiunga kompyuta yenye HDMI na projekta ya VGA hulazimika kutumia adapta, na adapta hiyo huigeuza picha tu, kwa kuwa upande wa VGA hauna njia ya sauti. Adapta nyingine huwa na kitundu kidogo ubavuni, mfano wa kile cha hedifoni, na waya wa sabufa ukitiwa humo sauti hutoka. Zisizo nacho hazitoi sauti abadan, na dawa ni kuiunga sabufa na tundu la hedifoni la kompyuta, kisha kuiamuru kompyuta isiipeleke sauti kwenye HDMI. Mtu asiyelijua hili aweza kuhangaika usiku kucha akitafuta kosa mahali ambapo hakuna kosa.

Waya wa HDMI unapochomekwa, kompyuta na televisheni hufanya mahojiano mafupi ambayo sisi hatuyaoni: televisheni hujitambulisha jina lake, vipimo vya picha inavyovimudu, na aina za sauti inazoweza kuzipokea. Ikijibu kwamba inapokea sauti, kompyuta huiandika katika orodha ya mahali pa kutolea sauti, na aghalabu huhamishia huko kila kitu. Ikijibu kwamba ni kioo kisicho na spika, haiandikwi. Lakini vipo vioo vinavyojitangaza kuwa vinapokea sauti, na kumbe havina hata spika moja ndani yake, ila kitundu tu cha kuungia spika za nje. Kompyuta huamini, hutuma, na sauti huishia humo.

Mahojiano hayo huvurugika sana umeme unapokatika, nasi wa Kigoma, tulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kutufikia, hatuhitaji kuelezwa kukatika kwa umeme. Televisheni huzimika; kompyuta ya mpakato, kwa sababu ina betri, hubaki macho, nayo ikiona kwamba mpokeaji ametoweka hurudisha sauti kwenye spika zake za ndani. Umeme unaporudi, picha hurejea upesi, lakini programu inayocheza sinema yaweza kuendelea kuishikilia njia ile ya zamani. Hapo dawa haina gharama: ifunge programu, uifungue tena. Ikiwa haikutosha, izime televisheni na kuiwasha, au uchomoe waya wa HDMI na kuurudisha, ili mahojiano yafanyike upya.

Kwa kompyuta za Windows, ambazo ndizo nyingi mikononi mwetu, alama ndogo ya spika huwa chini upande wa kulia wa kioo. Ukiibonya, na kisha ukafuata kishale kilicho karibu nayo, utaona orodha niliyoitaja, na ndani yake jina la televisheni yako, ambalo mara nyingi ni la kampuni iliyoitengeneza. Lichague. Watu wengi hubonya kitufe cha Windows pamoja na herufi P wakitumaini kupata sauti, ilhali vitufe hivyo ni amri ya picha peke yake. Ndani ya mipangilio ya sauti kuna pia mstari unaopanda na kushuka kila sauti inapopita, nao ni shahidi mwaminifu: ukicheza, kompyuta imekwisha kutimiza wajibu wake, na kosa litafutwe mbele, katika waya, televisheni au sabufa; usipocheza, kosa liko nyuma, katika kompyuta au programu. Laiti kila fundi angeanza kwa kumtazama shahidi huyu, vifaa vingi vizima visingefunguliwa.

Yako maradhi mengine magumu kuliko ukimya mtupu, nayo ni sauti kuja nusu. Mtu huweka sinema isiyotafsiriwa, akasikia milio ya bunduki na muziki wa kutisha, lakini maneno ya wasemaji hayasikiki au yanatoka kwa mbali mno. Sababu ni kwamba sinema nyingi huwa na sauti iliyogawanywa katika njia 6, na desturi ya watengenezaji ni kuyaweka mazungumzo katika njia ya katikati. Kompyuta iliyopangwa kana kwamba ina spika 6, ilhali zipo 2, huipeleka njia hiyo ya katikati kwa spika isiyokuwapo duniani. Ipangiwe spika 2, na wasemaji watarudi.

Ndugu wa maradhi hayo hutokea katika kumbi za harusi na nyumba za ibada, mahali palipo na miksa. Wimbo unapigwa kutoka kwenye kompyuta, vinanda vinasikika kwa wembamba, na mwimbaji hayupo. Watu humsingizia aliyenakili wimbo. Kumbe kosa ni la waya. Tundu kubwa la miksa aghalabu hutarajia kupokea sauti moja kupitia nyaya mbili, mmoja ukiwa umepinduliwa, kisha hutoa tofauti baina yazo ili kelele zilizoingia njiani ziangamie. Ukiliingizia njia ya kushoto na ya kulia za kompyuta kwa pini moja, miksa huondoa kila kilicho sawasawa katika njia hizo mbili, na mwimbaji, kwa kuwa huwekwa katikati, yuko sawasawa pande zote. Anafutwa na hesabu. Uchukuliwe waya uliogawanyika mwishoni kuwa pini mbili, kila moja iingie tundu lake, na sauti ya mwimbaji itasikika wazi. Pini ya hedifoni isiyoingia mpaka mwisho huleta udhia kama huo huo.

Kompyuta iliyopigwa Windows upya ina kisa chake. Spika za ndani zinalia, HDMI inaleta picha, na katika orodha jina la televisheni halionekani kabisa. Fundi asiyezoea hutafuta draiva ya kadi ya sauti, huiweka mara ya pili na ya tatu, na hapati kitu. Kwa sababu sauti ya HDMI katika kompyuta nyingi hutunzwa na kadi ya picha, iwe ya Intel, AMD au NVIDIA, na ni draiva ya hiyo inayohitajika.

Sabufa nayo husahaulika. Ina milango kadhaa, wa waya, wa flashi, wa redio na wa Bluetooth, na huusikiliza ule tu uliochaguliwa kwa rimoti. Ikiwa mmeungana kwa Bluetooth, na sabufa ikang'ang'ania kimya, tazama kwanza kama haikunyakuliwa na simu ya kijana aliyeketi uani, kwani sabufa hizi hukumbuka rafiki zao wa zamani na hujiunga nao bila ya kubisha hodi.

Limebaki tundu la hedifoni. Ndani yake, katika kompyuta nyingi, mna kiswichi kidogo kinachohisi pini inapoingia ili spika za ndani zinyamaze. Vumbi likikijaza au kikilegea, kompyuta huamini siku zote kwamba umevaa hedifoni. Chomeka pini na kuichomoa mara kadhaa, au ulipulizie hewa kavu, wala usichokonoe kwa sindano. Kwenye kompyuta za mezani matundu huwa na rangi, kwa kanuni iliyotungwa na Microsoft na Intel mwishoni mwa miaka ya 1990: kijani ni cha spika, waridi ni cha maikrofoni, buluu ni cha kuingizia sauti kutoka nje. Na tundu likiwa limekufa kweli, hakuna haja ya kuifungua kompyuta na kuunguza risasi juu ya ubao wake. Kadi ndogo ya sauti ya USB, ukubwa wake kama flashi, huchomekwa ubavuni, hujiandika yenyewe katika orodha, na sabufa ikaungwa humo.