Shetani wa Lilanga ni Nani? Neno Moja katika Picha za Mji

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Bujumbura akikutana na neno "shetani", humkumbuka mara moja adui wa Mungu anayehubiriwa kanisani. Maana hiyo ni sahihi, lakini siyo pekee. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maana hiyo inavyoweza kumpotosha mtazamaji wa picha za George Lilanga wa Tanzania.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika eneo la Masasi, kusini mwa Tanzania, katika jamii ya Wamakonde, akaanza sanaa kwa kuchonga vinyago. Katika miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi katika kituo cha Nyumba ya Sanaa. Baadaye alijiunga na wasanii wa kituo hicho, akatengeneza batiki, michoro ya wino na picha za kuchapa kwa bamba. Alifariki mwaka 2005.

Picha ya bamba hutengenezwa hivi: bamba la shaba au zinki hupakwa nta, kisha msanii huchora juu ya nta kwa sindano. Bamba hutiwa katika asidi, nayo hula chuma pale tu palipokwanguliwa. Nta ikishaondolewa, wino hujazwa katika mifereji hiyo, uso wa bamba hufutwa, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa mashine. Bamba moja huweza kutoa nakala nyingi.

Mbinu hii ilitumiwa sana na Waekspresionisti wa Ujerumani, waliochora mji kama unavyohisiwa moyoni. Ernst Ludwig Kirchner, mmoja wa waanzilishi wa kundi la Die Brücke mjini Dresden mwaka 1905, alihamia Berlin mwaka 1911. Watu wake wa mitaani ni wembamba, nyuso zimechongoka. Wanasongamana, lakini kila mmoja yuko peke yake.

Lilanga naye alipinda maumbo, ila mizizi yake ni uchongaji wa Kimakonde wa mtindo uitwao "shetani", ambao mwanzo wake huhusishwa na mchongaji Samaki Likankoa. Viumbe wake wana masikio makubwa, matumbo yaliyofura, na vidole viwili au vitatu tu. Hata hivyo, tazama wanachofanya: wanakunywa pombe, wanacheza ngoma, wanabeba mizigo, wanapiga soga. Hawa ni majirani wa mjini.

Hapa ndipo lugha inapohitajika. Neno "shetani" limetoka Kiarabu, lakini katika Kiswahili cha pwani limekaribiana pia na "pepo" na "mzimu": kiumbe asiyeonekana, anayeweza kudhuru, kusaidia au kufanya mzaha. Ndiyo maana husemwa kwamba mtu "amepandwa na shetani", naye akatafutiwa mganga wa kumpunga. Tukitafsiri kwa Kifaransa "diable" bila maelezo, picha ya majirani inageuka picha ya jehanamu. Mwanafunzi mcha Mungu atafumba macho, na msanii atadhaniwa kuwa mwabudu Ibilisi.

Sarufi nayo inatusaidia. Ingawa wingi wake ni "mashetani", hatusemi "mashetani haya yanacheza", bali "mashetani hawa wanacheza". Kiswahili kimewapa upatanisho wa viumbe hai, sawa na mtu na ng'ombe.

Kwa hiyo, napendekeza kwa walimu wenzangu zoezi hili. Onyesheni picha moja ya Lilanga bila kutaja jina la viumbe wake. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano zenye vitenzi vya yale anayoyaona. Kisha ndipo litajwe neno "shetani", na darasa lijadili: je, sentensi hizo zinamhusu adui wa Mungu, au zinatuhusu sisi wakazi wa mji?