Jabal al-Fiil: Tembo wa Jiwe Katika Njia ya Jangwani



Baadhi ya familia zetu zikienda Umra huongeza safari ya gari kutoka Madina hadi Al-Ula, zaidi ya kilomita 300 upande wa kaskazini. Nje kidogo ya mji huo limesimama jabali jekundu lenye kimo cha mita 52. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni tembo aliyeteremsha mkonga wake mpaka mchangani. Waarabu huliita Jabal al-Fiil, yaani Mlima wa Tembo.

Je, nani aliyelichonga? Hakuna mkono wa mtu. Jabali hili ni chembe za mchanga zilizoshikamana kwa zama nyingi mno. Kwa amri ya Allah, mvua na chumvi huzilegeza chembe hizo, kisha upepo huzipeperusha. Palipo laini hulika upesi, palipo pagumu hubaki. Ndivyo lilivyopatikana tundu baina ya mkonga na mwili.

Tunatahadharisha: jabali hili lisichanganywe na kisa cha Suratul-Fiil. Jeshi la Abraha lilitoka Yemen, kusini, likielekea Makka. Al-Ula iko kaskazini ya Madina. Jina limetokana na umbo tu, basi tusilibebeshe jiwe kisa kisichokuwa chake.

Kisa cha kweli kiko jirani, Al-Hijr, makazi ya Thamudi, watu wa Nabii Saleh (a.s.). Mtume (s.a.w.) alipopita hapo katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, aliwakataza maswahaba kuingia makazi ya walioangamizwa ila wawe wanalia. Akawaamuru pia wamwage maji waliyoyateka katika visima vyao. Makaburi 111 yaliyochongwa majabalini yanayoonekana leo wanahistoria huyanasibisha na Wanabatia, waliokaa hapo baadaye.

Basi mzazi, mweleze mwanao tofauti hii kabla hamjashuka garini. Kwenye Jabal al-Fiil tazameni, msabihini Muumba, pigeni picha, lakini msiandike majina juu ya jiwe. Upepo umelichonga kwa zama na zama. Msumari wa mtoto huliharibu kwa dakika moja. Mkifika Al-Hijr, vicheko na mzaha muviache nje.

Wabillahi tawfiiq.