Kima wa China

Sisi wa Rusizi tunawajua kima wa Nyungwe. Mtu aliyejivika manyoya hatudanganyi upesi. Lakini mchezo wa televisheni wa Kichina, "Safari ya Magharibi", ulioanza kuonyeshwa mwaka 1986, ulinishangaza. Umetokana na kitabu cha kale chenye sura 100. Kima wake, Sun Wukong, humlinda mtawa aendaye India kutafuta vitabu vya dini, naye hujikuna na kupepesa macho kama kima hasa.

Sababu ni hii. Mchezaji, Zhang Jinlai, ni wa ukoo uliocheza kima jukwaani vizazi vinne. Kaka yake ndiye aliyeanza kumrithi baba, lakini akafa kwa saratani ya damu mwaka 1966, angali kijana. Basi mdogo akaishika kazi. Naye alikuwa haoni mbali, macho yake mazito. Akayazoeza kwa kutazama ncha ya ubani uwakao.

Fedha zilikuwa haba. Bibi Yang Jie, mwongozaji, alipiga karibu sehemu zote 25 kwa kamera moja, na mbingu yake ni mvuke mtupu. Mimi simlaumu, nilikuwa nikimtazama kima.